Mume Mwenye Kichwa cha Platinamu

Seline Aluoch alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyeolewa na mwanamume wa maneno mengi. Majirani wa Kambi Muru, kule Kibera, waliona mambo yamekaa sawa hivyo, kwa maana nyumba za mabati hazizuii sauti, na midomo miwili kama ule wa mumewe, Benard Opondo, ingewahamisha wapangaji wote wa ploti ile.

Seline aliuza mapazia ya mitumba katika Soko la Toi. Opondo alikuwa fundi wa sofa kule Kawangware, kwenye banda alilogawana na seremala Mbukusu aitwaye Wepukhulu. Wepukhulu alipiga fremu za mbao, Opondo akazivisha sponji na kitambaa, na kitambaa chenyewe mara nyingi kilitoka kwa Seline, kwa sababu pazia zito la mitumba halichakai upesi hata likikaliwa. Kazi yao ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri kama Opondo alivyoisema, lakini hakuna kazi duniani ingeweza kuwa nzuri kiasi hicho.

Wajaluo wana desturi yao iitwayo pakruok. Katika sherehe, ngoma inapokolea, mtu humwashiria mpigaji anyamaze, humtuza kidogo, kisha husimama mbele ya watu na kujisifu. Hujisifia kwao, mke wake, ng'ombe ambao labda hana, na adui aliowashinda. Watu humwitikia, yeye huongeza chumvi, kisha ngoma huendelea. Si kiburi. Ni ufundi, na wasioujua huketi chini wakapiga makofi. Opondo aliujua. Mpigaji mmoja wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo, aitwaye Ojwang, aliyezoea kualikwa kwenye harusi za Kibera, alikuwa akimwona tu anaingia anaanza kulegeza vidole.

Seline hakuupenda mchezo huo. Mumewe aliposimama, yeye aliinamia mkoba wake na kutafuta ufunguo ambao haukupotea.

Na mambo yangeendelea hivyo, kama si kichwa cha Opondo.

Miaka kadhaa kabla ya haya, Opondo alianguka pale bandani katikati ya kupigilia msumari. Alisema baadaye kwamba kichwa kilimpasuka kama kimepigwa nyundo, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa ametia chumvi. Katika hospitali moja kubwa ya mjini waligundua kuwa mshipa mmoja wa damu ndani ya ubongo wake ulikuwa umetuna mahali pamoja ukawa kifuko chembamba, na kifuko hicho kilikuwa kimeanza kuvuja. Kikipasuka chote, mtu huwa amekwisha au anabaki bila upande mmoja wa mwili. Madaktari hawakupasua fuvu. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakausukuma taratibu mpaka kichwani, wakakijaza kifuko kwa nyaya laini sana zilizojikunja, ili damu isipate nafasi ya kuingia humo. Opondo alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Kosa lilikuwa moja tu. Muuguzi alimwambia nyaya zile ni za platinamu.

Wangemwambia ni bati, Opondo angepona kimya kimya kama watu wengine. Lakini platinamu! Harusi ya kwanza baada ya hapo, Ojwang hakuwa hata amemaliza kukaza nyuzi.

"Simamisha hapo!" Opondo alinguruma. "Mimi Opondo, wuod Gem, mwana wa Gem! Mimi ambaye kichwa changu peke yake kinanunua ploti Karen kwa matajiri! Kifo kilikuja kikabisha hodi, nikakiambia rudi uje na barua ya chifu! Mpaka leo kinapanga foleni kwa chifu!"

Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Kuanzia siku hiyo watoto wa njia ya reli wakamwita Platinamu, na yeye akaitika. Seline alitafuta ufunguo mkobani kwa muda mrefu siku hiyo. Hata hivyo alicheka, kwa kuwa alikuwa hai yule mjinga wake.

Sasa, madaktari walikuwa wamesema jambo lingine pia. Walisema nyaya zinaweza kujishindilia na kushuka kadiri miaka inavyokwenda, na kifuko kikatuna upya pembeni mwake. Kwa hiyo lazima arudi kila mwaka apigwe picha. Opondo alirudi mara moja, picha ikawa safi, akaja kujisifia hiyo picha pia. Mwaka uliofuata hakwenda.

"Baba Marvin, ile picha ya kichwa," Seline alimkumbusha, akimwita kwa jina la mwana wao kama siku zote.

"Nyar Ugenya," alimjibu kwa jina la kwao, "hebu fikiria. Mtu ameshajisifu mbele ya watu kwamba amemshinda adui. Halafu anarudi mlangoni kuuliza, samahani, adui yuko? Nitaonekana aje?"

Hiyo ndiyo ilikuwa shida, na mtu asiyejua uzito wa pakruok hawezi kuielewa. Sifa ikishatamkwa mbele ya nyatiti haifutiki. Opondo alikuwa amejifunga mwenyewe kwa mdomo wake. Seline alikumbusha tena mwaka uliofuata, akajibiwa vilevile, akanyamaza. Alijilaumu sana baadaye kwa kunyamaza kule. Mimi simlaumu. Bishaneni na mtu kama Opondo, mwone kama mtaweza.

Mvua za masika zilipoanza mwaka huu, Opondo alianza kuvaa miwani myeusi. Alisema vumbi la sponji linamsumbua. Seline aliamini kwa siku mbili tatu, mpaka asubuhi moja alipomkuta akinawa uso kwenye beseni. Kope la jicho la kushoto lilikuwa limening'inia kama pazia lililong'oka ndoano za upande mmoja.

"Jicho lina nini?"

"Limechoka kuona uzuri wako," Opondo alisema, akavaa miwani yake upesi.

Utani ule haukumchekesha Seline. Alishinda asubuhi nzima sokoni akiwapimia watu mapazia na kukosea urefu. Mchana alifunga kibanda, akabeba robota la kitambaa walilokuwa wakilisubiri kule Kawangware, akaenda bandani bila kumwambia mtu.

Alikuta kesi. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise, jina lake Christine, alikuwa amerudisha sofa kwa pikapu, na sasa lilikuwa limewekwa katikati ya banda kama mshtakiwa. Mwalimu alisema mkono mmoja umeinuka kuliko mwingine, na chai ya wageni wake imeshuka hadi kwenye zulia. Opondo, na miwani yake, aliapa kwa mababu wa Gem kwamba sofa limenyooka.

"Buda, hii kiti imelala upande," Wepukhulu alisema.

"Fremu ni yako. Kama imelala, umeilaza wewe."

"Fremu nimepima mbele yako. Ni sponji umejaza moja ikashinda nyingine. Siku hizi unajaza aje, kwani?"

"Wepukhulu, wewe na Wabukusu wenzako kazi yenu ni kula kuku na kugonga mbao. Mambo ya kunyoosha waachie waliosomea."

Wepukhulu hakubishana. Alichukua chupa tupu ya soda, akailaza juu ya mkono wa sofa. Chupa ikabiringika yenyewe taratibu kuelekea ukingoni. Opondo aliiona ikija. Alinyoosha mkono kuidaka kwa madaha, kama mtu ambaye hakuna linalomshinda, na mkono wake ukafumbata hewa, pembeni kabisa ya chupa. Chupa ikaanguka ikavunjika.

Hakuna aliyecheka. Opondo alitazama vipande chini, kisha akatazama mkono wake. Seline aliweka robota lake chini, akamwendea, akamvua miwani mbele ya wote. Jicho lilikuwa limefungika kabisa sasa. Alilifungua kope kwa kidole chake, akaona mboni imetazama nje, mbali na mwenzake.

"Uliona chupa ngapi?" alimuuliza.

Opondo alinyoosha mkono kuomba miwani, asipewe.

"Mbili," alisema mwishowe. "Tangu juzi naona kila kitu mbili mbili."

Mwalimu Christine alisema sofa linaweza kusubiri. Wepukhulu alifagia vipande vya chupa bila neno, jambo ambalo lilimtisha Opondo kuliko yote, kwa sababu Wepukhulu hakuwahi kuacha nafasi ya kumcheka ipite.

Mtu angedhani baada ya hapo aliinuka akaenda hospitali. Wapi! Alienda nyumbani. Alikaa kwenye kiti, akageukia ukuta, akasema kesho, akasema wiki ijayo, akasema ni baridi imeingia jichoni. Seline alisimama mlangoni, na hasira iliyokuwa imelala ndani yake tangu ule mwaka wa kwanza aliporuka picha ikaamka yote kwa pamoja.

"Baba Marvin, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Unaogopa watu watasema Platinamu amerudi hospitali. Watakucheka. Si ndiyo?"

Opondo alikuna ukuta kwa ukucha.

"Basi wacha wakucheke. Watakuwa wanacheka mtu anayesikia." Seline alisogea karibu, akapunguza sauti, kwa sababu kuta ni mabati. "Lakini nikuambie kitu. Ukifa, wewe utasifiwa. Unajua vile matanga yetu hukaa. Ojwang atapiga nyatiti siku tatu. Watu wa Gem watasimama mmoja mmoja wakusifu kuliko vile wewe umewahi kujisifu. Wepukhulu mwenyewe atasema hakuna fundi kama wewe, na atalia. Maneno matamu yote uliyotaka maisha yako yote yatasemwa, Benard. Na wewe hutasikia hata moja."

Hakuwahi kumwita Benard isipokuwa siku ya harusi yao. Opondo aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama kwa jicho lake moja lililo wazi kwa muda, kama mtu anayepigiwa hesabu ya hasara.

"Hata Wepukhulu?" aliuliza.

"Hata Wepukhulu."

"Leta koti," Opondo alisema.

Daktari aliyewapokea aliitwa Wangoi, mama mfupi mwenye sauti ya upole na haraka ya miguu. Alipomwona tu lile jicho aliagiza picha jioni hiyohiyo na kusema mzee harudi nyumbani. Kesho yake aliwaita wote wawili, akawaonyesha kwenye kompyuta. Nyaya za zamani zilikuwa zimejishindilia chini ya kifuko. Pembeni mwake kifuko kimetuna upya, kikubwa kuliko cha kwanza, na ndicho kilichokuwa kikikandamiza neva inayoinua kope na kugeuza jicho.

"Kwa hiyo ugonjwa umerudi," Seline alisema.

"Umerudi. Na tusiposhughulika nao unaweza kupasuka siku yoyote. Hata leo."

Seline alishika ukingo wa meza. Tangu wakati huo kila mumewe alipokohoa, yeye alisimama.

Opondo, ambaye kitanda cha hospitali hakikumwondolea tabia ya kutoa ushauri, aliinua kidole. "Doki, hiyo ni kitu ndogo. Mimi mto wa sofa ukibonyea, sinunui mpya. Nafungua zipu, naongeza sponji, nashindilia. Ongeza tu platinamu."

Alisema neno platinamu kwa mapenzi. Daktari Wangoi hakucheka wala hakumdharau. Alivuta kiti akaketi.

"Ningekubali kama mshipa wako ungekuwa kama wa watu wengi. Lakini ona hapa. Mdomo wa kifuko chako ni mpana, na hapohapo mdomoni kunatoka kijishipa kinacholisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa watu wengi ni kidogo, hata kikikosekana kuna njia nyingine. Kwako wewe ni kikubwa, na ndiyo njia ya pekee. Nikishindilia nyaya zaidi zitakiziba. Utaamka na jicho zima, lakini huoni upande mmoja."

Opondo alishusha kidole.

"Kila mtu ana mishipa yake," daktari aliendelea. "Siwezi kukutibu kwa mchoro wa mwingine. Nipe siku chache. Tutautengeneza mshipa wako nje ya mwili kwanza, tuufanyie makosa yote huko, ndipo tukuguse wewe."

Siku hizo chache zilikuwa ndefu kwa Seline kuliko mwaka. Asubuhi alikaa na mumewe, mchana akakimbilia Toi, jioni akarudi. Walimpima damu kuona kama vidonge vya kuizuia isigande vinamfaa, wakakuta vile vya kawaida havifanyi chochote mwilini mwake, wakambadilishia. Opondo alitaka kujisifia hilo, kwamba damu yake imekataa dawa ya wanyonge. Aliianza sentensi, akaiacha njiani. Seline aliona, na moyo ukamshuka.

Kisha daktari Wangoi akaja na kisanduku. Ndani yake mlikuwa na kitu cha plastiki angavu, kidogo kuliko kidole gumba, kimejipinda kama mzizi wa tangawizi, na puto moja limechomoza ubavuni. Kilichapwa na mashine kutokana na picha za kichwa cha Opondo, kila kona na kila unene. Daktari alikiunganisha na pampu ndogo, maji mekundu yakaanza kupita ndani yake, na kwenye lile puto yakazunguka kwa fujo.

"Hiki ni mimi?" Opondo aliuliza kwa sauti ambayo Seline hakuijua.

"Ni wewe. Hakuna mwingine aliye hivi."

Daktari alieleza walichofanya. Walikuwa wamejaribu ndani ya plastiki ile kila kifaa walichokuwa nacho. Kimoja kiliziba kijishipa. Kingine kilikuwa kirefu mno, kikajikunja kwenye kona. Mwishowe waliagiza kibomba cha wavu mwembamba sana chenye urefu na upana uliolingana na kona ile ya Opondo, na wakajua wakilaze kwa namna gani ili wavu uwe mzito kwenye mdomo wa kifuko na mwepesi mbele ya kijishipa. Alikiingiza mbele ya macho yao. Maji mekundu yalipita moja kwa moja, yakageuka kuingia kwenye kijishipa, na kwenye puto yakatulia.

Opondo alitazama kwa muda mrefu. Alitoa mkono, daktari akampa kile kitu akishike.

"Doki," alisema, "mi naogopa."

"Najua. Hata mimi huogopa kidogo kila mara. Ndiyo maana nimefanya mazoezi."

Seline alilia siku hiyo kwenye ngazi za hospitali, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Hakuwahi kusikia mume wake akitamka neno lile, na hakujua kama amefurahi kulisikia au limemvunja.

Siku ya kazi yenyewe Wepukhulu alifunga banda akaja kungoja na Seline. Alikuja na chupa ya chai na mguu wa kuku uliofungwa kwenye karatasi, akasema huo ni wa Opondo akiamka, akaula mwenyewe kwa wasiwasi kabla ya saa nne. Seline hakula kitu. Aliwazia kile kijishipa. Hakuwa na sala ndefu. Alirudia tu, Mungu, damu ipite palepale, ipite palepale, na kila mlango ulipofunguka aliinuka na kila ilipokuwa si daktari wao akaketi.

Daktari Wangoi alitoka akiwa bado na kofia kichwani. Seline hakusubiri aseme. Alimwangalia mdomo, akaona unatabasamu, akamkumbatia Wepukhulu pamoja na chupa yake ya chai.

"Kimeingia vile kilivyoingia kwenye plastiki," daktari alisema. "Sikubahatisha hata mahali pamoja."

Opondo alipozinduka alimminya muuguzi vidole kwa mkono wa kulia na wa kushoto, akataja jina lake, akataja la mkewe. Kisha akauliza kwa sauti ya usingizi kibomba kile kimetengenezwa na nini. Muuguzi akasema ni mchanganyiko wa madini, sana sana kobalti na kromiamu.

"Hakuna hata dhahabu kidogo?" alinong'ona, akalala tena.

Seline alicheka peke yake mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kumwangalia. Alidhani kwa kucheka kule kwamba mambo yamekwisha, na kwamba amerudishiwa mtu wake mzima.

Hayakuwa yamekwisha. Daktari alisema kibomba huchukua miezi kufanya kazi. Damu ya kifukoni hutulia, huganda, na ukuta wa mshipa hujijenga juu ya wavu. Ni picha ya baada ya miezi sita tu itakayosema ukweli. Jicho lilianza kufunguka kidogo kidogo, na vile vitu viwili viwili vikaungana kuwa kimoja. Sofa la mwalimu Christine lilirekebishwa likanyooka. Opondo alimeza vidonge vyake bila kukumbushwa. Alifanya kila alichoambiwa, na hakujisifu.

Hapo ndipo Seline alipogundua jambo la ajabu kuhusu yeye mwenyewe. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu amnyamazishe huyu mtu, angalau siku za harusi. Sasa Mungu alikuwa amesikia, na Seline hakuupenda ukimya huo hata chembe. Katika sherehe moja ya mchana, Ojwang alimwona Opondo ameketi mbele, akasimamisha nyuzi mwenyewe, akangoja kwa heshima. Opondo aliangalia soda yake. Watu wakanong'onezana. Ojwang akakohoa, akaendelea kupiga. Njiani kurudi Seline alimuuliza kwa nini.

"Nilijisifu nimeushinda ule wa kwanza, ukarudi," alisema. "Nikijisifu huu nao je?"

Kwa hiyo asubuhi ya picha, waliingia hospitali kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu. Chumba cha kungojea kilijaa. Watu walikuwa wameketi na bahasha za picha mapajani, wengine na bandeji kichwani, wengine ni jamaa tu waliochoka, wote wakitazama televisheni ukutani bila kuiona. Opondo aliitwa, akapigwa picha, akarudi, wakangoja. Kisha daktari Wangoi akawafungulia mlango.

Aliweka picha mbili kwa pamoja kwenye kompyuta. Kwenye ya kwanza kulikuwa na mshipa na puto ubavuni mwake. Kwenye ya pili kulikuwa na mshipa.

Seline aliikodolea macho. Alidhani kuna sehemu wameisahau.

"Puto liko wapi?" aliuliza.

"Halipo. Limejifunga lote. Na angalia hapa," daktari aligusa uzi mweupe kwa kalamu, "kijishipa chake bado kinapita vizuri. Nimefanya kazi hii muda mrefu, mama. Hiki kifuko kimejifunga vizuri sana. Atarudi mwakani tumwangalie..."

"Nitarudi," Opondo alisema kabla hajamaliza. "Hata kesho ukitaka nitarudi."

Macho yote mawili, wazi kabisa na yenye kutazama upande mmoja, yalijaa machozi, na akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili akautikisa, akautikisa, mpaka Seline akamwondoa.

Walitokea kwenye chumba cha kungojea. Opondo alitembea ukutani ukutani kama mtu asiyetaka kuonekana, anajifuta kwa mkono wa shati. Watu waliinua macho kidogo na kuyarudisha kwenye televisheni. Seline aliwaona. Alimwona mume wake, fundi wa Kawangware, Platinamu wa Kambi Muru, akipita kimya katikati ya watu na habari kubwa kama ile kifuani. Kitu kikampanda kutoka tumboni. Hakukialika.

"Zima hiyo TV!" alisema.

Mlinzi wa mlangoni alidhani kuna hatari, akaizima.

Seline Aluoch alisimama katikati ya chumba. Mkoba ulikuwa begani na hakuufungua. Alisikia sauti yake ikitoka kubwa, na hakujua iliwahi kukaa wapi siku zote hizo.

"Mimi Seline, nyar Ugenya! Mama mapazia wa Toi! Niangalieni! Mimi nimeolewa na mwanamume ambaye Mungu alimchorea mshipa mmoja kisha akatupa kalamu!"

"Eee!" mlinzi aliitikia. Kumbe alikuwa mtu wa Siaya, Mjaluo mwenzao.

"Ugonjwa ulimjia kichwani ukashindwa! Ukaenda kujipanga! Ukarudi mara ya pili, ndiyo, ulirudi, nasema mbele yenu wote ulirudi! Ukanikuta mimi nimesimama mlangoni!"

"Sema, nyar Ugenya!"

Mama mmoja aliyemshika mwanawe mwenye bandeji aliinuka. Muuguzi alitoka kuja kunyamazisha fujo, akasimama palepale na faili zake. Seline aliendelea. Alimsifu daktari Wangoi na plastiki yake. Alimsifu Wepukhulu mla kuku wa watu. Akamgeukia mume wake, akamnyooshea kidole, na sauti ikamtetemeka ingawa haikushuka.

"Na huyu hapa! Hakuna fundi kama huyu Nairobi nzima! Hakuna mume kama huyu! Kelele zake ndizo nyumba yangu! Ningeyasema haya kaburini kwake, lakini nayasema hapa, kwa sababu yuko hai na anasikia!"

Chumba kililipuka. Watu walipiga makofi, wagonjwa waliopaswa kukaa kimya walipiga makofi, mlinzi alipiga mluzi. Opondo alikuwa ameegemea ukuta, uso umelowa mpaka shingoni, hajishughulishi tena kujifuta. Alingoja makofi yatulie kidogo. Alikohoa kusafisha koo.

"Mama Marvin," alisema, "kuna jamaa pale nyuma hajasikia hapo pa mwisho."

Seline akavuta pumzi, akasema tena.